Laini ya Majaribio

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama mbele ya sinki la jikoni, mikono ina povu, simu nimeibana kwa bega, na sauti ya binti yangu inasema, "Mama, naomba..." Kisha kimya.

Alikuwa anaomba nini? Mlibaki na swali hilo wiki nzima. Poleni. Mimi pia nilibaki nalo.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, naitwa Glenys Noske. Mimi na mume wangu Ross tuna shamba la ngano na kondoo huku rasi ya Eyre, Australia Kusini. Niseme tulikuwa nalo, maana siku hizi nusu ni la benki na nusu ni la vumbi. Mvua ilitukimbia, tukauza kondoo majike. Kisha Ross akaanguka bandani kwenye matrekta, upande mmoja wa mwili ukafa ganzi na ulimi ukawa mzito.

Na kabla ya hayo yote, binti yetu wa pekee, Tegan, aligombana na baba yake kwenye banda hilohilo, akabeba begi akaondoka. Waligombania nini, sikuambiwa. Nilifika ugomvi umekwisha. Ross alisema, "Mambo ya shamba," akaenda kulisha mbwa.

Tangu hapo Tegan hunipigia kwa nadra sana, tena kwa namba iliyofichwa. Haniambii alipo. Nami siwezi kumpigia. Simu ya waya tuliikata ukame ulipobana, na intaneti tukaikata nayo. Njia iliyobaki kati yangu na mwanangu ni namba moja ya simu ya mkononi, ambayo anaijua kwa moyo tangu alipokuwa anaenda shule kwa basi.

Sasa elewa ilivyoniuma simu ile ilipokatika.

Nilifuta povu, nikapanda pikapu, nikaenda Kilima cha Tangi. Ndipo mahali pekee shambani ambapo mtandao wetu bado unashika kwa uhakika. Nikasubiri apige tena. Hakupiga. Nikaipigia kampuni ya simu.

"Mnara wenu unafanyiwa maboresho, mama," akasema dada wa huduma kwa wateja.

"Tangu lini?"

"Naona hapa tangu kabla ya Krismasi."

"Krismasi ipi?"

"Samahani kwa usumbufu," akasema. "Kuna jingine ningeweza kukusaidia?"

"Hilo la kwanza hujanisaidia bado."

Nikamsikia anavuta pumzi. Na yeye amechoka, nikajisemea. Nikakata simu bila kumtukana, na hilo nalihesabu kuwa jema langu la wiki.

*

Jirani yangu Merle Pfitzner alikuja kesho yake na keki zake za nazi. Merle ni mjane, ana ulimi mkali na moyo mwepesi. Alinikuta nimeiweka simu juu ya friji, juu ya friji kuna kopo la unga, na simu iko juu ya kopo.

"Hiyo nini, madhabahu?" akauliza.

"Jana ilishika kidogo hapo."

"Glenys, shoga yangu, wewe umeolewa na hiyo kampuni? Hata mume asiyerudi nyumbani mtu humwacha."

"Naogopa kupoteza namba, Merle. Tegan anaijua hiyo tu."

"Namba unahama nayo siku hizi."

"Wanasema hivyo. Dada wa posta alihama, namba yake ikapotelea hewani. Mpaka leo akipigiwa anapokea mvuvi wa chaza wa Port Lincoln."

Merle akacheka mpaka akakaa. Kisha akachukua simu yangu bila kuomba. Ndivyo alivyo.

"Sikiliza. Kuna huu mtandao mpya, Kestrel. Wameweka mnara upande wa reli. Wanakupa laini ya majaribio, mwezi mzima, bure. Hakuna kadi ya kuchomeka, inaingia ndani ya simu yenyewe. Ile ya zamani inabaki palepale na namba yako palepale. Unakuwa na laini mbili kwenye simu moja."

"Halafu?"

"Halafu unaonja. Tikitimaji tu unaligonga kwanza kabla ya kulinunua. Ukiipenda laini unahama. Usipoipenda, mwezi ukiisha inakufa yenyewe, hakuna aliyejua."

Ross alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mkono mzima umeshika kikombe. Akageuza kichwa.

"Acha," akasema. Maneno yake hutoka moja moja, kama kondoo wanaopita kwenye kilango. "Ya zamani. Inatosha."

"Inatosha nini, Ross?" akasema Merle. "Mkeo anapanda kilima kama mbuzi ili apokee simu."

"Apande."

Nilidhani ni ukaidi wake wa siku zote. Watu wa rasi hii wako hivyo, jambo jipya wanaliona mwizi. Sikulitilia maanani. Nikamwambia Merle, "Iweke."

Merle akabonyezabonyeza, akaelekeza kamera ya simu yangu kwenye simu yake, akasubiri, akanionyesha. Kulikuwa na laini mbili, mojawapo na namba mpya nisiyoijua, yangu kwa mwezi mmoja.

Jikoni, ile ya zamani haikuwa na kitu. Ile mpya ilishika mpaka juu.

*

Sikuamini. Nilitembea na simu mkononi kama mtu anayetafuta maji kwa kijiti. Chumba cha kufulia, inashika. Banda la kukatia manyoya, inashika. Kwenye matangi ya nafaka, inashika. Nyuma ya banda la matrekta, mahali ambapo hata redio hukoroma, inashika. Mbwa alinifuata kila mahali, akiniona nimerukwa na akili.

Wa kwanza kumpigia kwa laini ile alikuwa dada yangu Lorraine, anayeishi Whyalla. Lorraine ndiye mkubwa wangu, na tangu mama yetu afe ndiye mama yangu. Kila Jumapili tangu Tegan aondoke huwa tunaongea, mimi nikiwa kilimani ndani ya pikapu. Mimi nalia, yeye ananisikiliza.

"Nani mwenzangu?" akauliza. Namba ilikuwa ngeni kwake.

"Mimi, dada. Niko jikoni kwangu. Nimekaa kabisa, na chai."

"Glenys? Mbona unasikika kama uko chumba cha pili?"

Nikamweleza habari za Kestrel. Nikamwambia, "Hii namba usimpe mtu. Ni ya kuonjea tu. Hata Merle hajaiandika. Nikihama, nitahama na namba yangu ileile."

"Haya." Kisha akasema, "Ile ya zamani umeizima?"

"Ipo. Haishiki tu."

"Haishiki kabisa?"

"Mpaka kilimani. Tegan alipiga, Lorraine. Alisema 'Mama, naomba,' ikakatika."

Dada yangu akakaa kimya kwa muda mrefu. Nikadhani na huu mtandao nao umekata.

"Upo?" nikauliza.

"Nipo."

"Alikuwa anaomba nini, unadhani?"

"Nitajuaje mimi," akasema. "Ross anaendeleaje? Anaongea?"

"Kidogo. Anachagua maneno."

"Siku zote alichagua," akasema Lorraine, na akaniaga mapema kuliko kawaida yake. Alisema ana sufuria jikoni.

*

Nilijaribu mtandao ule siku kadhaa. Niliupima kila kona, upepo ulipovuma na vumbi lilipotanda. Haukuniangusha. Basi nikaamua. Kama Tegan atapiga, na apige anikute. Ross alinikuta naandaa vitambulisho mezani, akasema tena, "Acha," nami nikamwambia, "Mzee wangu, nimeacha mengi mno nyumba hii," nikatoka.

Nikawapigia Kestrel kwa laini ya majaribio. Akapokea kijana mmoja mwenye sauti ya upole, jina lake Anand.

"Umeipenda, mama? Vizuri. Tutakutumia tarakimu za uthibitisho kwenye namba yako ya zamani. Ukishanisomea, namba inahamia kwetu."

"Namba ya zamani haishiki hapa. Mpaka nipande kilima."

"Panda tu, mama. Nakungoja."

Nikapanda. Pikapu ilipiga kelele njia nzima na Anand alikuwa kwenye kiti cha abiria, ndani ya spika, ananiuliza habari za mvua. Nikamwambia mvua ni kama serikali, husikika zaidi ya inavyoonekana. Akacheka.

Tulipofika kwenye tangi, laini ya zamani ikashika. Simu ikatetema. Tarakimu zikaingia.

Na chini yake kikaingia kitu kingine. Ujumbe wa sauti, wa asubuhi ileile, kutoka namba iliyofichwa.

"Umezipata?" akauliza Anand.

"Ngoja kidogo, baba. Ngoja."

Nikausikiliza. Ulikuwa mfupi. Alikuwa Tegan, na hakuwa analia. Alikuwa mtulivu, na utulivu ule ulinitisha kuliko kilio.

"Mama, nimekupigia tena na tena, hupatikani. Nitapiga leo jioni, kabla jua halijazama. Naomba ukae mahali penye mtandao. Na Baba awe karibu nawe. Tafadhali, Mama, awe karibu."

Nikaurudia. Kisha nikarudi kwa Anand.

"Nikuulize. Nikikusomea hizi tarakimu sasa, namba yangu inahama saa ngapi?"

"Kwa kawaida ni muda mfupi tu. Mara nyingine, usikasirike, inafika mpaka kesho."

"Na hapo katikati mtu akinipigia?"

Alikuwa kijana mkweli, Mungu ambariki. "Ataambiwa hupatikani," akasema.

Nikaitazama ile safu ya tarakimu. Wiki nzima nilitaka kuondoka kwenye mtandao ule mbovu. Sasa mwanangu alikuwa njiani kunitafuta kupitia huohuo mbovu.

"Sihami leo," nikamwambia.

"Mama, mpango wenyewe..."

"Sihami leo, Anand. Asante kwa subira yako."

Nikakata. Nikageuza ndoo ya kondoo chini juu, nikakaa chini ya tangi, nikaiweka simu gotini.

*

Jua lilikuwa limeanza kushuka niliposikia gari. Ilikuwa ile gari ya zamani ya kubebea majani, inapanda kilima kwa mwendo wa jongoo, kushoto, kulia, kushoto. Ross ndiye aliyekuwa anaendesha. Daktari wa Port Lincoln alimkataza usukani tangu aanguke.

Akashuka kwa tabu. Sikuinuka kumsaidia. Niliona haya baadaye, lakini wakati ule sikuwa na nguvu ya kuinuka.

"Umehama?" akauliza.

"Sijahama."

Uso wake ukalegea, kama mtu aliyetua gunia. Hapo ndipo nilipoanza kushangaa. Mtu anakuja na mkono mmoja mpaka kilimani kwa sababu ya kampuni ya simu?

"Kaa," nikamwambia. "Kuna ujumbe. Sikiliza."

Nikauweka kwenye spika. Tegan akaongea, upepo ukichukua nusu ya maneno. Alipofika pale pa "Baba awe karibu," Ross akageuza uso akatazama reli.

"Zima," akasema.

"Umekwisha. Anataka uwe karibu kwa nini?"

"Upepo. Mkali. Twende chini."

"Siendi. Na wewe huendi. Ross, nakuuliza kama mkeo. Mtoto anataka nini kwako?"

Akapangusa mdomo kwa mkono mzima. Akaufungua kusema, akaufunga. Sikujua kama ni ugonjwa ndio uliomzuia au ni yeye.

Basi tukakaa. Watu waliooana muda mrefu wanajua kukaa hivyo. Yeye kwenye ngazi ya gari, mimi kwenye ndoo. Kasuku wa kijivu wakapita juu yetu wakigombana, wakaenda kulala. Nikaikagua laini ya zamani. Inashika, kidogo, lakini inashika. Nikaikagua tena.

Simu ikaita.

Sikutazama kioo vizuri, niliipokea mbiombio. Kisha nikaona. Haikuwa laini ya zamani iliyoita. Ilikuwa ile ya majaribio. Nikajua ni Anand na mpango wake.

"Baba, nimekwambia sihami leo."

"Mama," ikasema simu. "Ni mimi."

Sauti ilikuwa safi, hata pumzi zake nilizisikia. Tangu aondoke sijawahi kumsikia hivyo.

"Tegan. Mwanangu. Uko mzima?"

"Mzima, Mama. Ile namba ya siku zote inanisumbua, nikaona nijaribu hii."

"Sawa, sawa. Unakula? Unalala wapi? Unasikika kama..."

Nikakoma.

Nadhani mlishatangulia kuelewa kabla yangu. Mimi uchovu ulinichelewesha. Namba ile nilikuwa nayo kwa siku chache tu. Merle hakuiandika. Sikuiandika popote. Mbali na Anand, nilimpigia mtu mmoja tu.

"Tegan," nikasema polepole. "Hii namba umeipata wapi?"

"Mama, usimlaumu."

"Uko kwa Lorraine."

"Nilimwapisha. Alitaka kukwambia kila Jumapili. Nilimwambia akisema tu naondoka, na safari hii hatajua nilikokwenda."

Kila Jumapili. Nikiwa ndani ya pikapu, nalia, namwambia dada yangu kwamba sijui kama mtoto ana blanketi. Na mtoto amekaa naye meza moja, pengine anasikia.

Nilitegemea nitakasirika. Nilikaa nikiungoja ukali uje, kama nilivyokuwa naingoja mvua. Haukuja. Niliyoyapata ni haya tu: yuko Whyalla, ana paa, anakula chakula cha dada yangu.

"Njoo nyumbani," nikasema. "Sitamuuliza mtu chochote. Njoo tu."

"Nataka kuja, Mama. Hilo ndilo nililokuwa naliomba siku ile." Sauti yake ikatikisika mara ya kwanza. "Lakini si juu yangu. Baba yupo?"

"Yupo hapa."

"Anaweza kusikia vizuri? Anaweza kujibu?"

"Anasikia. Anajibu kwa shida."

"Mpe simu. Kuna kitu nilimuuliza bandani, siku ile, akakataa kunijibu. Nitamuuliza tena. Akinijibu ukweli, kesho napanda basi."

"Kitu gani? Niulize mimi."

"Wewe huwezi kujua, Mama. Mpe."

Nikainua macho. Ross alikuwa amekwisha kusimama. Hakujishika popote. Alikuwa amenyoosha mkono wake mzima kwangu, kiganja wazi.

Nikampa.

Akaiweka sikioni. Nikasogea, akasogea. Aligeuka kidogo ili nisimwone mdomo. Nilisikia sauti ya mwanangu ikiongea, ndogo, bila maneno, kwa muda. Kisha ikanyamaza, ikingoja.

"Ndiyo," akasema Ross.

Ikaongea tena.

"Ndiyo," akasema. "Kweli."

Nikamshika mkono wa shati. Hakunitazama. Ile sauti ndogo ikauliza kitu cha tatu, kifupi sana, na mume wangu akafumba macho. Alipojibu, maneno yake hayakutoka moja moja. Yalitoka yote pamoja, mazima, kama ya mtu ambaye hajawahi kuugua.

"Hapana," akasema. "Mama yako bado hajui."